Mwajiri Aliyesoma Mwongozo Hadi Mwisho

Siku chuo kikuu kilipowaita waajiri wa Likasi ili kuwagawia mwongozo wa namna ya kuwapokea wanafunzi kazini, walikuja waajiri arobaini na mmoja. Arobaini walikuja kwa ajili ya sambusa. Wa arobaini na moja alikuwa Mama Orpa. Yeye naye alikula sambusa, tusimsingizie utakatifu, lakini alirudi nyumbani na mwongozo wake umefungwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga, akakaa, akausoma.

Akausoma wote! Kurasa kumi na nne za Kifaransa cha watu waliokaa shuleni muda mrefu na hawataki usahau hilo. Maprofesa walioandika hawakuwa wametegemea jambo kama hilo. Mwongozo wa namna hii huandikwa ili uwepo, upigwe picha na wakubwa, kisha ulale. Kufikia Jumatatu nakala nyingine zilishaonekana sokoni Kikula zikifungia karanga, na muuza mikate mmoja alizisifu kwa moyo wote: karatasi nzito, hainywi mafuta.

Mama Orpa alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, na kazi yake ilikuwa kusuka mota. Mota ya umeme ikiungua, nyaya za shaba zilizo tumboni mwake hugeuka nyeusi kama sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyosahauliwa motoni. Yeye huzitoa zote, huhesabu zilikuwa zimezunguka mara ngapi, kisha husuka mpya. Marehemu mumewe, Adolphe, alimwachia vitu vitatu: karakana ya mabati pale Kikula, mtoto wa kiume aitwaye Ricky, na daftari. Mabati yalivuja. Ricky aliimba kwaya. Daftari ndilo lililowalisha.

Miaka thelathini Adolphe aliandika humo kila mota aliyoifungua: mizunguko mingapi, waya wa unene gani. Mota mia mbili na kumi na mbili. Mota ikiletwa, Orpa hutafuta ukurasa wake, huvuta kigoda, na vidole vyake huanza kwenda. Kutoka Kambove mpaka kwa wavuvi wa Tshangalele hapakuwa na fundi aliyefunga waya safi kama yeye, na aliyebisha alikaribishwa kuleta mota yake iungue tena.

Lakini dunia ilikataa kubaki ndani ya daftari. Siku hizi zinakuja mota ngeni, za bei rahisi, kibao cha maelezo kimebanduka, nyaya zimeungua zikashikana, huwezi kuhesabu kitu. Mwaka huo alikuwa amerudisha tatu. Ya nne, mota ya kinu cha jirani yake Mama Élisabeth, ilikaa mlangoni wiki ya pili sasa, na kila asubuhi Orpa aliiruka bila kuitazama usoni. Mota kama hiyo ina hesabu yake, unaanza na chuma chenyewe unarudi kwenye waya. Ila ni hesabu ya chuo kikuu, na Orpa aliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, pale babake alipoamua kwamba karo iliyobaki inawatosha watoto wa kiume tu. Basi hali ilikuwa hivi: akimpata mwanafunzi anayejua hesabu hiyo, karakana itaishi. Asipompata, atauza mabati.

Ukurasa wa pili ulisema: andika kazi kwa maneno yaliyo wazi. Waajiri wengine humpigia profesa simu, au humwomba mchungaji atangaze baada ya sadaka. Orpa alichukua karatasi akaandika: «Kazi: kuhesabu mota zisizo na kibao. Kujifunza kusuka. Hakuna kuosha gari. Hatuna gari.» Akaenda mwenyewe kuibandika chuoni.

Siku ya tatu akaja msichana mrefu wa mwaka wa tatu wa elektromekanika, jina lake Bénie, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa waya wa shaba. Orpa aliutazama ule waya kabla ya kuutazama uso. Mizunguko tisa, imelala sawasawa.

«Karibu, mama. Ikala,» alisema Orpa na kumsogezea kigoda.

«Aksanti, mama.»

Mazungumzo yaanzie wapi? Ukurasa wa sita ulikuwa umekataza: usimuulize mwanafunzi dini yake, wala kabila lake, wala kama ameolewa, wala babake ni nani. Sasa mtu wa Likasi ukimnyang'anya maswali hayo manne, umemnyang'anya mdomo mzima! «Unasali wapi?» lilipanda kooni, likafika kwenye meno, Orpa akalimeza kama kidonge cha malaria.

«Mvua… mvua ilikupiga mu njia?»

«Hapana, mama. Jua njo inawaka.»

«Eeh. Inawaka kweli.»

Hapo ndipo, kwa kukosa lingine kabisa, alipouliza swali ambalo waajiri wengi wa mji huu huishi mpaka kufa bila kumuuliza mtu: swali la kazi.

«Mota haiko na plaque, ile kibao, waya zote ziliungua. Unaanzia wapi?»

Bénie alisimama haraka mpaka kigoda kikaanguka. «Iko wapi?»

Orpa alikuwa mjanja. Hakumpa ile ya mlangoni. Alimpa ganda la mota ya zamani iliyomo daftarini, kisha akafungua daftari upande wa pili wa meza na kuufunika ukurasa kwa kiganja. Bénie alichuchumaa, akahesabu matundu ya chuma kwa kidole, akaomba futi ya kupimia, akapima urefu, akapima upana, akageuza tangazo la Orpa alilolibandua chuoni akajaza mgongo wake kwa tarakimu. Orpa hakuelewa hata mstari mmoja. Aliona tu mkono ukienda bila kusimama.

«Mizunguko makumi sita na ine, mama. Kwa kila tundu.»

Orpa akaondoa kiganja. Pale chini, kwa mwandiko wa Adolphe uliolala kama mtu aliyechoka: 64.

«Ricky!» alipiga kelele. «Ricky, kuya! Kuya uone muntu!»

Ricky alikuja mbio na nyundo mkononi akidhani ni mwizi. Bénie alicheka, kisha akarekebisha miwani na kuuliza lake.

«Mama, encadreur wangu njo nani?» Yaani msimamizi, atakayemfundisha.

«Minye,» alijibu Orpa, akijigusa kifua.

«Utanifundisha kusuka? Juu ku chuo mota tulizionaka mu picha tu. Na picha ilikuwa nusu.»

«Mutoto, nitakufundisha mpaka vidole bilie.»

Bénie aliinua kigoda kilichoanguka. Kisha akasema kwamba Patron Jean-Luc naye amemwita, na anataka jibu Jumamosi kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine.

Patron Jean-Luc! Karakana kubwa ya barabara kuu, bango la taa, jeep nyeupe inayong'aa kiangazi na masika. Kila mwaka alipokea wanafunzi wanane wa umeme, na walipomaliza walikuwa wanaijua ile jeep ndani na nje, hasa nje. Lakini karatasi aliyowapa mwishoni ilikuwa na muhuri mkubwa wa rangi mbili, na katika mji wetu muhuri wa rangi mbili unafungua milango ambayo akili haijui hata iko mtaa gani.

Kila mshipa wa Orpa ulitaka kusema: sema ndiyo sasa hivi, binti, mota ile pale. Ukurasa wa tisa ukamkaba: mwajiri atatoa ahadi yake kwa maandishi, na atamwachia mwanafunzi siku saba za kufikiri bila kumsukuma.

«Nitakupa barua,» alisema kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. «Siku saba. Sitakusukuma.»

Ricky alichapa barua. Kazi, miezi mitatu, usafiri utalipwa, siku za mitihani ni ruhusa. Lakini nani ataipeleka? Mwongozo, kwa kurasa zake zote kumi na nne, haukusema. Na pale mwongozo uliponyamaza, Likasi ikasema. Huwezi kumchukua mtoto wa watu miezi mitatu bila kusalimia nyumba yao! Barua yenye heshima inabebwa na msemaji, na msemaji haendi mikono mitupu.

Basi Jumamosi asubuhi wakaondoka. Mbele, shemeji Barthélemy, kaka wa marehemu, mwenye suti na sauti, aliyekwisha kuwa msemaji wa harusi kumi na moja. Nyuma yake Mama Orpa, kitenge kipya, bahasha nyeupe. Nyuma kabisa Ricky, shati jeupe na tai kwa sababu baadaye ana mazoezi ya kwaya, na begani kreti ya soda, chupa ishirini na nne. Walipoingia Panda, mtaa wa kina Bénie, watu walitoka milangoni. Msemaji, bahasha, kreti, kijana mwenye tai. Panda nzima ilielewa kinachoendelea, isipokuwa hao watatu waliokuwa wanakifanya.

Tantine Berthe, shangazi wa Bénie, aliwaona kutoka mbali. Vigelegele alivyopiga viliamsha mbwa wa mitaa miwili.

«Bamefika! Yaya, vaa shati! Bamefika!» alimwita kaka yake aliyekuwa ndani.

Babake Bénie, Papa Tshimanga, mstaafu wa kiwanda, alitoka anafunga vifungo. Viti vikapangwa. Barthélemy akasimama, akakohoa, na kwa kuwa maishani mwake alikuwa na hotuba moja tu, akaitoa hiyo.

«Wazazi, tulikuwa tunapita. Njo tukaona mu hii lupango yenu, mu hiki kiwanja, kuko ua. Tukasema, ua kama hili haiwezi kukosa mwenye kulimwangia maji.»

«Eeeh!» akasema Tantine Berthe, na kumkagua Ricky toka viatu mpaka nywele. «Na huyu njo mwenyewe?»

«Minye nabeba soda tu, mama.»

«Iko na haya! Muzuri. Benye maneno mingi banachokesha.»

Papa Tshimanga hakupoteza muda. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo, kwa maana aliitayarisha siku Bénie alipopata diploma ya sekondari. Akasoma: suti moja ya baba, viatu ndani. Vitenge sita vya mama wadogo. Baiskeli ya mjomba. Mbuzi wawili.

Orpa alisikiliza kwa adabu kubwa. Ukurasa wa kumi ulisema mwanafunzi ana haki ya kuleta masharti yake, na mwajiri ayasikilize bila hasira. Suti aliivumilia. Baiskeli ilimshangaza. Kwenye mbuzi akashindwa.

«Papa, samahani. Mbuzi mbili kwa stage, kwa mazoezi ya kazi ya miezi tatu?»

«Stage gani?»

«Ya bobinage, ya kusuka mota.»

Ricky akashusha kreti chini polepole, kama mtu anayeweka bomu. Na hapo ndipo Bénie alipoingia kutoka kisimani na ndoo kichwani, akaona viti, akaona tai, akaona karatasi ya babake, akajua kila kitu kabla hajaitua ndoo.

«Papa! Weka ile liste!»

Alichukua bahasha, akaifungua, akasoma barua kwa sauti mbele ya wote: kuhesabu, kusuka, usafiri, mitihani. Alipofika «hakuna kuosha gari» Tantine Berthe alikuwa ameshikilia mlango kwa kicheko, machozi yanamtoka. «Na minye nilipiga vigelegele! Panda yote balisikia! Nitaenda kubaambia nini? Mutoto ameolewa na mota?»

Orpa alitaka ardhi ifunguke. Barthélemy alijifanya anatafuta miwani, na hakuwa na miwani. Papa Tshimanga peke yake hakucheka. Alikunja liste yake mara nne, akairudisha mfukoni, akatazama kreti kwa muda mrefu.

«Miaka makumi tatu na nane nilitumika,» alisema. «Hakuna mukubwa moja alikuyaka kunisalimia ku nyumba. Hata siku ya retraite, siku ya kustaafu, balituma muzamu wa mulango tu, aniletee karatasi.» Akakohoa. «Barua, mwenyewe atajibu. Soda inabakia.»

Saa tano na dakika arobaini. Simu ya Bénie ikalia mezani, na Orpa, Mungu amsamehe, aliona jina: Patron Jean-Luc.

«Mwambie!» alinong'ona Barthélemy. «Mwambie sasa akuje kwako!»

Orpa alisimama. Aliaga kila mtu kwa jina, akatoka, huku ile simu ikilia nyuma yake. Kutoka kile kiti mpaka langoni palikuwa na hatua kumi na mbili, na alizihesabu zote kama mizunguko.

«Juu ya nini?» Barthélemy alilalamika njiani. «Juu ya nini unakimbia?»

«Ukurasa wa tisa.»

«Hiyo kitabu itakuua.»

Siku mbili za kwanza zilipita. Ya tatu ikakataa kupita. Orpa alifagia karakana mara nne. Alining'iniza aproni ya pili ukutani, akaitoa ili asijipe matumaini, akairudisha. Ricky, kwa moyo wake mwema na tai yake, alijitolea kupita Panda «kusalimia tu», na mamake akamfungulia ukurasa wa kumi na moja, unaohusu mapenzi mahali pa kazi, akamfanya aweke sahihi kwamba miezi mitatu atasimama mita nne mbali na mwanafunzi yeyote, kwa kipimo cha futi.

«Na akiniangalia ye?»

«Utaangalia mota.»

Jumatano jeep ya Patron Jean-Luc ilisimama mlangoni. Akatoa kichwa dirishani.

«Mama Orpa! Nasikia ulienda kuposa mwanafunzi wa stage na kreti!»

«Nilienda kusalimia, patron.»

«Kreti! Batoto banakimbilia kwangu, minye natoa hata maji hapana. Hiyo mwongozo yako iko wapi? Niletee, nifungie karanga.»

Alicheka, akapiga honi, akaondoka, na vumbi lote la Kikula likaanguka kutoka mgongoni mwa jeep. Orpa alikaa juu ya mota ya Mama Élisabeth, na kwa mara ya kwanza akajiuliza mabati ya zamani yanauzwa wapi. Alikuwa amekwenda kwa watu asiowajua, na soda, na shemeji aliyetoa hotuba ya ua. Binti gani mwenye akili atarudi baada ya aibu hiyo?

Jumamosi ya pili, siku ya saba, alikuwa ameinama juu ya pampu ya kawaida, ukurasa wa themanini na moja, aliposikia kitu barabarani. Kling. Kling-kling. Vioo vinagongana. Mlio huo kila mtu Likasi anaujua: chupa tupu zinarudi.

Alisimama na waya mkononi. Tantine Berthe alikuwa anakuja, kreti kichwani, kifua mbele, na nyuma yake Bénie na bahasha.

«Hodi hapa! Ku Kikula hamupigakae vigelegele? Minye kule kwangu nilipiga bule!»

«Mama Berthe! Karibu! Ricky, leta viti! Mita ine, Ricky!»

Bénie alitoa bahasha kwa mikono miwili. Ndani ilikuwa barua ya Orpa, na chini yake sahihi. Si ya leo. Ilikuwa na tarehe ya Jumamosi iliyopita.

Orpa alisoma tarehe mara tatu. «Uliandika siku ileile?»

«Saa sita kasoro, mama. Nilipokea simu ya Patron Jean-Luc, nikamuuliza encadreur njo nani. Alisema, jeep iko mu lupango, anza na ile. Njo nikakata simu.»

Ndipo Orpa alipokumbuka lile vumbi la Jumatano. Jeep nyeupe, imechafuka hivyo! Wa kuiosha alikuwa amekata simu!

«Sasa juu ya nini mulinichomesha siku saba zote?»

Bénie alimtazama shangazi yake. Tantine Berthe akashusha kreti kwa heshima.

«Weye ulikuya na kreti, mama. Tutakujibu na karatasi tupu? Chupa lazima zirudie. Na zilikuwa makumi mbili na ine, na Yaya anakunywaka moja asubuhi, mbili muchana, moja mangaribi, na anakatala musaada. Nilimwambia, kunywa mbio, mama wa batu anangojea! Anasema, hii soda njo retraite yangu, niachie.»

Orpa alicheka mpaka akaketi juu ya pampu. Akainuka tena, akaitoa aproni ukutani, akamvika Bénie mwenyewe na kumfungia kamba mgongoni, mafundo mawili, kama anavyofunga waya.

«Nitaanza Jumatatu, mama?» aliuliza Bénie. «Ni mu barua.»

«Jumatatu. Leo ni siku ya kufikiri bado. Sikusukume.»

Bénie alitazama mota ya mlangoni. Mota nayo, ukiwauliza waliokuwapo, ilimtazama.

«Mama, ukurasa wa tisa inakataza weye kunisukuma. Haikataze minye kujisukuma.»

Akachuchumaa na kuomba futi. Orpa alimletea futi, penseli, na daftari la Adolphe, akalifungua ukurasa wa mia mbili na kumi na tatu, mweupe, ambao haukuwahi kuguswa tangu marehemu alipoaga. Kisha naye akachuchumaa upande wa pili, akaanza kunyoosha waya mpya, na akavumilia kimya kirefu, kirefu kabisa, labda dakika nzima.

«Bénie. Kitabu inakataza minye kuuliza. Lakini haikataze weye kuniambia, yenyewe tu, bila kuulizwa… Jumapili unaendaka wapi?»

«Mama Orpa,» alisema Bénie bila kuinua macho, huku anaandika tarakimu ya kwanza. «Ukurasa wa sita.»